Bukavu: Tansiyo ya jicho hupimwa juu ya kornea, na maji ya kornea yanaweza kuidanganya

Mtu anayetoka kupimwa macho hapa Bukavu mara nyingi anarudi nyumbani na karatasi yenye namba mbili, moja ya jicho la kuume na nyingine ya jicho la kushoto. Kumi na nne, kumi na sita. Au ishirini na saba. Wakaaji wengi wanaiita tansiyo ya macho, na wanaichukua namba hiyo kama wanavyochukua ile ya tansiyo ya damu: ikiwa chini wanapumua, ikiwa juu wanaanza kutafuta pesa ya dawa.

Namba hiyo ina uzito. Ni moja ya vitu ambavyo mganga wa macho anavitumia kutafuta glokoma, ugonjwa unaoua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Glokoma ya kawaida haiumi. Inakula pembeni mwa uoni kwanza, na mtu anaendelea kuuza, kulima, kuendesha pikipiki, bila kujua. Kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Ndiyo maana namba inayosema uongo, hata kidogo, inaweza kumgharimu mtu jicho.

Na inaweza kusema uongo, kwa sababu haitoki ndani ya jicho moja kwa moja. Hakuna anayetoboa jicho la mgonjwa ili kuingiza kipimo. Mganga anasukuma ukuta wa mbele wa jicho kutoka nje, anaangalia ukuta huo unakataa kwa nguvu gani, kisha anakisia shinikizo lililo nyuma yake. Ukuta huo ni kornea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya sehemu nyeusi ya jicho. Ukiwa mnene, mwembamba, mgumu au umelowa kupita kiasi, jibu linabadilika, hata kama shinikizo la ndani ni lile lile.

Unene na ugumu waganga wanauzungumzia sana. Maji yanasahaulika, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Chukua ngoma. Kila mpigaji wa ngoma katika Kivu anajua kwamba ngozi iliyopigwa na unyevu inalegea na sauti inakufa. Anaisogeza karibu na moto, maji yanatoka, ngozi inakaza, sauti inarudi. Ngozi ni ya ng'ombe yule yule na kamba hazikuguswa. Mtu anayetaka kupima ugumu wa ngozi hiyo bila kuuliza kama imetoka kwenye mvua au kwenye moto atapata namba, lakini hatajua amepima ngozi au amepima maji.

Au chukua sambaza, samaki mdogo ambaye hakuwa wa Ziwa Kivu mpaka alipoletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hatuwezi kufikiria soko la Kadutu bila yeye. Sambaza mkavu anavunjika kati ya vidole. Mloweshe usiku mmoja, asubuhi anapinda kama kamba. Mama anayemuuza kwa kilo anajua vizuri kwamba maji yana uzito, na mnunuzi mwenye akili anamgusa kwanza kabla ya kukubali bei.

Kornea ni hivyo hivyo. Kwa uzito, karibu sehemu 78 kwa mia ya kornea nzima ni maji. Katikati ina unene wa karibu nusu milimita, mikromita 540 hivi kwa wastani, ingawa watu wanatofautiana sana. Sehemu tisa kwa kumi za unene huo ni nyama moja iitwayo stroma, iliyojengwa kwa nyuzi za kolajeni zilizolala tabaka juu ya tabaka, zaidi ya tabaka mia mbili. Katikati ya nyuzi kuna molekuli za sukari zenye kiu kali: zinavuta maji bila kuacha. Ukikata kipande cha stroma na kukitia ndani ya maji ya chumvi, kitavimba mara kadhaa unene wake na kuwa cheupe kama maziwa.

Kwa nini basi macho yetu hayavimbi, nasi tunaishi na maji mbele ya kornea (machozi) na maji nyuma yake? Ni kwa sababu nyuma kabisa ya kornea kuna tabaka moja la seli, moja tu, linalofanya kazi ya pampu mchana na usiku. Maji yanavuja kuingia, pampu inayatoa. Seli hizo kwa mtu mzima hazizaliwi upya kama zile za ngozi. Zikifa, zilizobaki zinajinyoosha ili kufunika nafasi, na zikipungua sana pampu inashindwa, kornea inalowa, inanenepa na kupoteza mwangaza. Jinsi nyuzi zinavyopangwa kwa karibu ili mwanga upite ilielezwa na mwanasayansi David Maurice katika mwaka wa 1957, na maelezo yake bado yanafundishwa.

Hata mtu mzima wa afya, kornea yake haikai na maji yale yale siku nzima. Usiku macho yakiwa yamefungwa, hewa inayofika juu ya kornea ni kidogo, na machozi hayakauki. Asubuhi kornea imenenepa kwa sehemu tatu au nne kwa mia, kisha inashuka ndani ya saa moja au mbili baada ya kuamka. Anayevaa lenti ndani ya macho, hasa akilala nazo, anazidisha uvimbe huo.

Kipimo cha Goldmann

Mwaka ule ule wa 1957, katika mji wa Bern nchini Uswisi, mganga Hans Goldmann na mwenzake Theo Schmidt walichapisha maelezo ya kipimo ambacho mpaka leo ndicho mizani ya dunia nzima kwa tansiyo ya jicho. Aliyepimwa nacho anakikumbuka: unaweka kidevu juu ya mashine, unatiwa dawa ya ganzi na rangi ya manjano, na ncha ndogo yenye mwanga wa buluu inakuja kugusa jicho. Ncha hiyo inabana kornea mpaka duara la milimita 3,06 liwe bapa.

Kwa nini 3,06, si 3 wala 4? Kwa sababu kornea inakataa kubanwa, na kukataa huko kunaongeza namba. Lakini machozi yanayozunguka ncha yanaivuta kuelekea jicho, na kuvuta huko kunapunguza namba. Kwa upana ule, nguvu hizo mbili zinakaribia kufutana, na kinachobaki ni shinikizo la ndani. Ni hesabu nzuri sana, kwa kweli. Lakini inadai kornea iwe ya kawaida: ya unene wa karibu nusu milimita, yenye ugumu wa kawaida na maji ya kawaida. Goldmann na Schmidt walijua kwamba unene ukibadilika jibu litabadilika. Walidhani tu kwamba watu wenye kornea tofauti sana ni wachache.

Hawakuwa wachache. Katika 1975 Niels Ehlers na wenzake huko Denmark walipima macho ya wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa, shinikizo la ndani likijulikana kwa hakika kwa njia ya mrija, wakaona kwamba kornea nyembamba inatoa namba ya chini kuliko ukweli, na kornea nene inatoa ya juu. Kisha mwaka wa 2002 Marekani wakatoa matokeo ya utafiti mkubwa juu ya watu 1.636 wenye tansiyo ya juu ya jicho lakini wasio na glokoma bado. Wale wenye kornea ya mikromita 555 au chini walikuwa katika hatari ya kupata glokoma mara tatu kuliko wenye zaidi ya 588. Karibu robo ya waliofuatwa walikuwa Wamarekani weusi, na kornea zao kwa wastani zilikuwa nyembamba kuliko za wengine.

Jambo hilo linatuhusu. Mtu mwenye kornea nyembamba anaweza kuambiwa 17, akarudi nyumbani na furaha, kumbe ndani ya jicho hali si hiyo. Tangu hapo waganga wengi wakaanza kupima unene wa kornea pia, na vikatokea vibao vya kusahihisha: unene huu, ongeza mbili, unene ule, punguza tatu.

Vibao hivyo vinapendeza kwa sababu ni rahisi. Ubaya wake ni kwamba vinahesabu unene kana kwamba kila unene ni sawa. Kornea inaweza kuwa na mikromita 620 kwa sababu mwenyewe alizaliwa na kolajeni nyingi. Inaweza kuwa na mikromita 620 pia kwa sababu ilikuwa 540 na pampu imeshindwa, imejaa maji. Ya kwanza ni ngumu, inapandisha namba. Ya pili ni laini kama sambaza aliyeloweshwa, na ikivimba sana inashusha namba. Mganga akichukua kibao na kupunguza tena, anakosea mara mbili upande ule ule: jicho linabanwa kutoka ndani, karatasi inasema hakuna shida. Uvimbe mdogo, kama ule wa lenti, unaweza hata kufanya kinyume na kupandisha namba kidogo. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kusema "maji yakiongezeka, toa kiasi fulani".

Wanaoangukia hapo si watu wa kufikirika tu. Ni yule mzee aliyepasuliwa mtoto wa jicho na kornea ikabaki na ukungu. Ni aliyepigwa kwenye jicho. Ni mgonjwa ambaye tansiyo ya ghafla imepanda mpaka kornea yenyewe ikalowa. Ni yule aliyetiwa majani ya kienyeji ndani ya jicho akapata kidonda. Katika macho kama hayo, ndiyo hasa ambayo glokoma inayatafuta, ndipo kipimo kinapoaminika kidogo zaidi.

Jicho lililokufa linavimba

Mtu atauliza: basi si wanasayansi wapime ugumu wa kornea wenyewe, watupe namba ya kweli? Wamejaribu kwa miaka mingi. Wanachukua kornea ya nguruwe au ng'ombe kutoka machinjioni, au ya mtu aliyetoa macho yake baada ya kufa. Wanakata utepe, wanaushika pande mbili kwa mashine, wanavuta. Wengine wanafunga kornea nzima juu ya chombo na kuipuliza kwa maji kama mpira. Kisha wanaandika ugumu wake.

Ukiweka majibu yao pamoja, yanatofautiana zaidi ya mara mia moja. Nyama ni ile ile. Sababu ni nyingi: umri, kasi ya kuvuta, utepe au kornea nzima. Lakini maji yamo katikati ya sababu hizo. Mara tu damu inapoacha kutembea, pampu ya seli inaanza kuchoka, na kornea inaanza kunywa. Anayepima baada ya saa sita hapimi kitu kile kile na anayepima baada ya siku mbili. Anayeloweka utepe ndani ya maji ya chumvi wakati wa kuvuta anaendelea kuulainisha. Anayeuacha kwenye hewa anaukausha, na unakuwa mgumu dakika kwa dakika mbele ya macho yake. Wengine wanatumia mafuta ili maji yasiingie wala kutoka. Wengine wanatia dekstrani, aina ya sukari yenye molekuli kubwa, inayovuta maji kutoka kwenye kornea.

Hamed Hatami-Marbini, mtafiti anayefanya kazi Marekani, amejishughulisha na swali hili hasa. Kazi zake zilionyesha wazi kwamba kornea ile ile, ukiipunguzia maji, ugumu wake unapanda, na ukiiongezea unashuka, kiasi kwamba kulinganisha kornea mbili bila kulinganisha maji yake hakuna maana kubwa. Hata njia mpya ya kupima kwa mwanga bila kugusa, iitwayo Brillouin, haikuponyoka. Watu wa Boston walioiendeleza walichapisha mwaka wa 2018 kwamba mabadiliko ya maji ya kornea katika jicho la mtu aliye hai, hata yale ya kutoka asubuhi hadi baadaye, yanaonekana katika kipimo chao.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya maabara za mbali. Hapana, na sababu ni watoto.

Watoto wanaosugua macho

Katika eneo letu la maziwa makubwa kuna ugonjwa wa mzio unaowashika watoto: macho mekundu, ya kahawia pembeni, yanayowasha bila kupumzika. Ng'ambo ya Ruzizi, nchini Rwanda, mganga Stefan De Smedt aliyefanya kazi Kabgayi alichunguza pamoja na wenzake wanafunzi wa shule za msingi, na katika matokeo ya 2011 walikuta karibu wanne kwa kila mia wana ugonjwa huo. Mzazi wa Bukavu anaujua bila kuhitaji utafiti. Mtoto anasugua asubuhi, anasugua shuleni, anasugua usingizini.

Kusugua huko kwa miaka kunahusishwa na ugonjwa mwingine, keratokonasi: kornea inadhoofika, inakuwa nyembamba na kuchongoka mbele kama koni. Kijana anabadilisha miwani kila mara na hakuna inayomfaa. Miaka ya nyuma kilichobaki kilikuwa lenti ngumu au kupandikizwa kornea ya mtu mwingine. Kisha waganga wa Dresden, Ujerumani, Gregor Wollensak, Eberhard Spoerl na Theo Seiler, walichapisha katika 2003 njia ya kukaza kornea: kutia matone ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kisha kumulika jicho kwa mwanga wa urujuani-juu wa nguvu ndogo. Nyuzi za kolajeni zinafungana zaidi na ugonjwa kwa wengi unasimama. Haurudishi kornea ilivyokuwa, lakini kusimama si jambo dogo kwa kijana wa miaka kumi na saba.

Katika majaribio yao ya kuvuta tepe, kornea za binadamu ziliongezeka ugumu karibu mara nne na nusu, na za nguruwe hazikufika mara mbili. Wao walieleza tofauti hiyo kwa unene: kornea ya nguruwe ni nene zaidi, na matibabu yanafika sehemu ya mbele tu. Lakini matone ya mwanzo ya riboflavini yalichanganywa na dekstrani, ile ile inayokausha kornea. Hapo ndipo watafiti waliokuja baadaye walipouliza swali la ngoma: kornea iliyotibiwa imekaza kwa sababu nyuzi zimefungana, au kwa sababu imekauka? Walipolinganisha kornea zenye maji sawa, faida ya matibabu ilibaki. Ukubwa wake ndio ulibadilika kulingana na maji yaliyokuwemo wakati wa kupima. Binafsi naona swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza, lakini sayansi mara nyingi inaenda hivyo.

Kwa mgonjwa, maji yana kazi nyingine ya hatari zaidi. Ili mwanga usiharibu zile seli za pampu nyuma, sheria ya waganga ni kwamba kornea iwe na angalau mikromita 400 kabla ya kumulikwa. Matone yenye dekstrani yanaweza kuipunguza wakati wa kazi yenyewe: umeanza juu ya 400, baada ya nusu saa uko chini. Kwa wenye kornea nyembamba waganga wengine wanafanya kinyume, wanatia matone yasiyo na dekstrani ili kornea ivimbe na kuvuka kizingiti. Inavuka kwa maji, lakini kolajeni haikuongezeka.

Everest ni mbali, lakini

Kuna kisa kinachoonyesha nguvu ya maji haya kuliko maabara yoyote. Beck Weathers, Mmarekani, alikuwa amepasuliwa kornea kwa mikato midogo ili aache miwani. Mwezi wa Mei 1996 alipanda mlima Everest. Huko juu hewa ni haba, kornea inakosa oksijeni na kulowa, na kornea iliyokwisha kukatwa inabadilika umbo. Akapoteza uoni karibu na kilele, akabaki nyuma, dhoruba ikamkuta. Aliachwa kama maiti, akaishi, lakini alipoteza mkono na vidole kwa baridi.

Bukavu iko kwenye mita 1.500 hivi, na hata kilele cha Kahuzi hakifiki mita 3.400, kwa hiyo hakuna anayepoteza uoni kwa kupanda Nguba. Lakini kisa kinasaidia kuelewa kwamba kornea haisimami kama kioo cha dirisha. Inapumua na kunywa.

Kwa mgonjwa wa hapa kwetu, kuna mambo machache ya kushika. Namba moja ya tansiyo ya jicho haitoshi kusema una glokoma, wala kusema huna; mganga anapaswa kuchungulia mshipa wa nyuma ya jicho na kupima upana wa uoni. Ukirudi kupimwa, jaribu kurudi saa ile ile ya mara ya kwanza, na si mara tu baada ya kuamka. Anayevaa lenti azitoe mapema na amwambie mganga. Aliyewahi kupasuliwa jicho, kupata kidonda cha kornea au kutiwa dawa za kienyeji aseme wazi, hata kama anaona haya. Mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka kwa glokoma asikubali kurudishwa nyumbani kwa namba peke yake.

Na mzazi anayetumwa mbali na mji kutafuta matibabu ya riboflavini kwa mtoto wake, akipewa karatasi yenye mikromita 410, aulize kipimo hicho kimechukuliwa saa ngapi, kabla ya matone au baada yake, na ni matone gani.